Kufuata maji baridi: safari ya kuvua trauti, kutoka Nyandarua hadi Mlima Kenya

Jumamosi. Nyeri hadi Kiandongoro

Mjomba alinipitia Nyeri mjini saa moja asubuhi, gari limeshiba: hema, sufuria, unga, viazi, sukuma wiki, jiko la gesi, na juu ya vyote mfuko mrefu wa turubai wenye mianzi miwili ya kuvulia. Yeye amevua trauti tangu ujana wake, na ndiye aliyenifundisha kurusha mshipi. Safari hii alikuwa na nia yake. Tungeanzia mito ya Nyandarua, tuzunguke hadi upande wa mashariki wa Mlima Kenya, na kila tunapofika majini tupime joto lake kabla ya kuvua. Kipimajoto alikifunga kamba na kukining'iniza shingoni, daftari likakaa mfuko wa shati.

Trauti ni samaki wa maji baridi. Maji yakikaribia nyuzi 20 anapunguza kula, yakizidi hapo anataabika, na yakiendelea kupanda anakufa. Shida hasa ni oksijeni, kwa kuwa maji baridi hubeba nyingi kuliko maji ya vuguvugu. Ndiyo maana Kenya anapatikana milimani tu. Mjomba ana imani moja tangu zamani: ukitaka kujua hali ya msitu usioweza kuutembea wote, uliza trauti aliye mtoni chini yake.

Tulipanda kupitia Tetu, chai kushoto na kulia, hadi mashamba yakakatika ghafla kwenye ua wa umeme. Ua huu unaizunguka Nyandarua kwa takriban kilomita 400 na ulikamilika mwaka 2009. Ulijengwa kuwazuia ndovu wasishuke mashambani na watu wasipande na misumeno. Ukisimama pale langoni unauona mpaka kwa macho: upande huu viazi na kabichi, upande ule mianzi imesongamana hadi mwanga haupiti.

Langoni Kiandongoro mambo yalikwenda haraka. Ada ya mbuga tulikuwa tumelipa kupitia eCitizen, na leseni ya uvuvi, ambayo hulipwa kando, tulikuwa nayo mkononi. Askari alituuliza tunavulia nini, Mjomba akamfungulia kile kikebe chake cha nzi bandia. Alikiangalia kwa muda, akanyoosha kidole kwa mmoja mweusi mnene: "Huyu, mzee. Wiki hii wanapenda huyu." Ni Kenya Bug, nzi aliyebuniwa humu nchini, na hakuna mvuvi wa trauti Kenya asiyekuwa naye.

Jioni, kando ya moto, Mjomba alianza na mto Gura kama anavyoanza siku zote. Trauti si mwenyeji wa mito hii. Mwaka 1905 Ewart Grogan, Mwingereza ambaye miaka michache awali alikuwa amesafiri kutoka Rasi ya Tumaini Jema hadi Kairo, aliagiza mayai ya trauti wa kahawia kutoka Uskoti, yakatiwa katika mto Gura. Trauti wa upinde wa mvua, ambaye asili yake ni mito ya Amerika inayoingia bahari ya Pasifiki, aliletwa kutoka Afrika Kusini mwaka 1910. Jina la Grogan limeandikwa kila mahali. Mimi nawafikiria zaidi waliobeba. Mayai ya trauti hayavumilii joto wala kutikiswa, na huku juu hapakuwa na barabara ya gari. Kuna watu waliopanda mteremko huu na mzigo wa mayai hai, wakitembea kwa hadhari, wakiulinda usipate jua. Hatuna majina yao, lakini kila samaki anayevuliwa Gura leo ametokana na uangalifu wa mikono ile.

Jumapili. Magura

Usiku ulikuwa wa baridi kali. Alfajiri nyasi zilikuwa nyeupe kwa umande ulioganda, na ndoo tuliyoiacha nje imefanya utando wa barafu. Tuko kwenye uwanda wa juu, karibu mita 3,000, nyasi za mafungu na vichaka hadi upeo wa macho, na mito midogo imejichimbia ndani yake kiasi kwamba unausikia mto kabla hujauona.

Askari mwenye bunduki alitangulia. Hapa hutembei peke yako, maana nyati hulala kwenye vichaka kando ya maji na hapendi kushtuliwa. Mara mbili alitusimamisha kwa mkono, akasikiliza, kisha akatuzungusha mbali na mto.

Mjomba alitumbukiza kipimajoto penye kivuli, akahesabu kimya kimya, akakitoa: nyuzi 9. Akaandika.

Sasa niseme jinsi kazi yenyewe inavyofanyika, kwa sababu watu wengi hudhani kuvua ni kutupa ndoano na kungoja. Kwenye mto mdogo trauti hukaa akielekeza kichwa juu ya mkondo, kwa kuwa chakula chake huletwa na maji. Basi unamwendea kutoka chini, nyuma yake, umeinama, kivuli chako kisiguse maji. Hatua zako anazisikia kupitia ardhini. Nzi bandia ni manyoya na uzi vilivyofungwa juu ya ndoano ndogo, hana uzito wowote. Kinachorushwa ni mshipi wenyewe, ambao ni mnene na mzito kiasi, na nzi hufuata. Mahali penye nafasi unaupeleka mshipi nyuma, unasubiri unyooke, ndipo unaurudisha mbele. Pale Magura vichaka viko mgongoni, kwa hiyo unauinua taratibu kutoka majini na kuukunjua kwa mkupuo mmoja mbele yako, kama unavyokung'uta mkeka. Nzi anatakiwa atue juu ya mahali unapodhani samaki yupo, kisha ateremke na mkondo bila kuvutwa, maana mdudu wa kweli havutwi na kamba.

Shimo la tatu lilikuwa chini ya ukingo uliomomonyoka, mizizi inaning'inia. Nikatupa kandokando ya mizizi. Mshipi uliteremka, ukasita. Hakukuwa na kishindo chochote, ulisita tu pale ambapo mkondo haukuwa na sababu ya kuusimamisha. Nikainua mwanzi, na uzito ukawa hai.

Alikuwa trauti wa kahawia, urefu wa kiganja na nusu. Nilimweka kwenye kimia ndani ya maji nikamtazama karibu: mgongo wa rangi ya zeituni, ubavu wa dhahabu, madoa meusi, na kati yake madoa mekundu, kila moja limezungukwa na pete hafifu ya buluu. Kifuniko cha matamvua kilikuwa kinafunguka na kufunga polepole. Kabla ya kuanza tulikuwa tumeibana kwa koleo ile ncha ndogo ya ndoano inayorudi nyuma, kwa hiyo ilitoka bila kurarua. Nilimshika kwa mikono iliyolowa, maana mkono mkavu unamtoa ute unaomkinga na maradhi, kichwa chake kikitazama mkondo, hadi alipojisukuma mwenyewe.

Mjomba alibakiza wawili kwa chakula. Alipowatumbua alipasua tumbo la mmoja na kulimimina kwenye jani: mabuu wa majini, wengine wangali ndani ya vijumba vyao vya vijiti na chembe za mchanga vilivyogandishwa kwa hariri. "Soma hapa, mpwa wangu," akaniambia. Wadudu wa namna hii hawaishi kwenye maji machafu. Wanang'ang'ania mawe safi, na udongo ukishuka ukafunika mawe wanapotea wao kwanza, kisha samaki. Mayai ya trauti nayo ni vilevile: jike huchimba kishimo kwenye kokoto, hutaga, hufukia, na maji yanayopita katikati ya kokoto ndiyo yanayoyapa pumzi. Tope la mvua moja kubwa kutoka kwenye mteremko uliofyekwa linatosha kuziba kila kitu.

Alasiri tulikwenda kutazama maporomoko ya Karuru, mita 273 kwa ngazi tatu, na ng'ambo ya bonde Gura ikiporomoka kutoka upande wake. Ukiona kimo kile unaelewa kwamba hakuna samaki anayeweza kupanda. Trauti aliye juu ya maporomoko alipandishwa na binadamu, na uzao wake ukiisha hakuna wa kutoka chini kuja kujaza nafasi.

Tulikaanga wale wawili kwa chumvi na ndimu. Trauti haparwi, magamba yake ni madogo mno. Nyama ilikuwa ya rangi ya waridi hafifu na iliachana na mfupa yenyewe. Tuliila na ugali, hatukuzungumza hadi sinia lilipokwisha.

Jumatatu. Kiganjo

Tulishuka asubuhi na kupitia kituo cha kuzalishia trauti cha Kiganjo, kilichoanzishwa mwaka 1948. Nimekipita kwa miaka mingi bila kuingia. Natamani kila mwanafunzi wa shule za huku apelekwe pale siku moja.

Mama mmoja anayehudumu kwenye chumba cha mayai alitupokea na kutueleza kwa subira. Jike aliyekomaa hukamuliwa tumboni kwa kidole gumba, taratibu, mayai yakadondoka kwenye beseni kavu. Dume hukamuliwa juu yake. Vinachanganywa kwa unyoya, ndipo maji hutiwa. Kisha mayai hulazwa kwenye trei ambazo maji baridi ya mto hupita juu yake mchana na usiku. Kwenye nyuzi 10 huanguliwa baada ya takriban siku 30. Maji yakiwa na joto zaidi huwahi, yakiwa baridi zaidi huchelewa.

Alituonyesha trei moja. Mayai hai yalikuwa ya rangi ya chungwa, yanapitisha mwanga, na ukiinama sana unaona nukta mbili nyeusi ndani ya kila moja: macho. Katikati yake mayai machache yalikuwa meupe pe. Hayo yamekufa. Kila asubuhi yeye huyatoa moja moja kwa kibanio, kwa sababu ukungu ukiota kwenye yai bovu unaenea kwa yaliyo hai. Mikono yake ilifanya kazi hiyo huku akiongea nasi, bila kugusa hata moja la chungwa.

Mjomba aliomba ruhusa akapima maji yanayoingia: nyuzi 13. Yule mama akatabasamu, akasema wao wana hofu na miezi ya kiangazi, mto ukipungua na jua likiwa kali, na hofu nyingine wakati wa mvua maji yanapokuja mekundu. Vyote viwili vinatoka juu, akasema, wao hapa chini wanapokea tu.

Kutoka vituo kama hiki ndipo maziwa na mito mingi hupandikizwa tena. Ziwa lisilo na kijito chenye kokoto trauti hawezi kuzaana ndani yake. Atanenepa, atazeeka, na asipoletewa wadogo ziwa litabaki tupu.

Jumanne. Barabarani

Nanyuki, Timau, Meru, Nkubu, Chogoria. Mashamba ya ngano ya Timau yalikuwa yamevunwa. Tulilala Chogoria, mji uliokua kuzunguka hospitali ya misheni ya Waskoti iliyoanza mwaka 1922. Tukanunua ndizi, nyama na mafuta ya taa, tukaafikiana na dereva mwenye Land Rover.

Jumatano. Ziwa Ellis

Kutoka Chogoria hadi lango la mbuga ni karibu kilomita 30 za barabara ya udongo ndani ya msitu. Dereva wetu alikulia kijiji cha ukingoni na aliujua mti kwa mti. Alituonyesha visiki vya kafuri na vya meru oak, vingine vipana kuliko meza, vimeota kuvu. Mwaka 1999 KWS, shirika la taifa la wanyamapori, walipiga picha msitu huu kutoka angani, wakakuta matanuri ya makaa, mashamba ya bangi na ukataji haramu wa miti kila pembe ya mlima, ilhali mlima ulikuwa umeingizwa katika Urithi wa Dunia wa UNESCO miaka miwili tu kabla. Mwaka uliofuata msitu wote uliwekwa chini ya ulinzi wa KWS kama hifadhi ya taifa. Visiki alivyotuonyesha ni vya nyakati hizo. Kati yake miti michanga imesimama wima, mingine imeshapita kimo cha gari mara nne. Mjomba alimsimamisha dereva mara kadhaa ili aitazame tu.

Baada ya msitu ni mianzi, kisha miti ya mihagenia yenye ndevu za kuvumwani, kisha lango, na hatimaye mawanda wazi. Ziwa Ellis liko juu ya mita 3,400, pana, la kina kifupi, limezungukwa na nyasi na vichaka. Upepo ulikuwa unatoka vileleni na kulikunja uso wote.

Nyuzi 11.

Ziwani mambo ni tofauti na mtoni. Hakuna mkondo wa kukuonyesha samaki alipo, trauti wa upinde wa mvua anazunguka akitafuta. Mjomba alitafuta mahali upepo unapoelekea ufukweni, kwa maelezo kwamba upepo husukuma wadudu huko na samaki hufuata. Alibadili nzi, akafunga Mrs Simpson, aliyejazwa manyoya ya kahawia ubavuni, na kumvuta chini ya maji kwa mikato mifupi. Saa nzima ilipita. Kisha mwanzi wake ukapinda hadi nusu na samaki akaruka juu ya maji, akaonyesha ule mstari wa waridi kutoka shavuni hadi mkiani, akaruka tena. Mjomba alimpa mshipi kila alipotaka kukimbia na kuurudisha kila alipochoka. Alipoingia kimiani alikuwa mrefu kuliko mkono wangu hadi kiwiko.

"Huyu anarudi," Mjomba akasema, akamwachilia. Jike mkubwa namna ile hamchukui kamwe. Kwa chakula tulibakiza wadogo wawili wa saizi ya sahani, wala hatukutamani zaidi.

Kaskazini mwa hapa, mwendo wa siku nzima kwa miguu, kuna maziwa mengine ya trauti, Rutundu na Alice. Rutundu lilisikika ulimwenguni mwaka 2010, mwana wa mfalme William wa Uingereza alipomchumbia Kate Middleton maeneo hayo. Mjomba amevua Alice zamani, na usiku kucha alilisimulia hadi nikaona wivu.

Alhamisi. Temple na mto Nithi

Tuliondoka gizani pamoja na kiongozi wetu, kupanda ukingo wa bonde la Gorges. Tulipofika Temple jua lilikuwa limetoka. Ni ukingo wa mwamba unaokatika wima mita 300 hivi, na chini kabisa Ziwa Michaelson, la kijani kibichi, halina hata kunyanzi. Mbele yetu Batian, mita 5,199, na Nelion pembeni yake. Chini ya Temple unauona mto Nithi ukitoka ziwani na kuanza kuteremka kwa hatua, kijito cha kuruka, na unaweza kuufuata kwa macho hadi unapozama kwenye msitu tuliopita jana. Mjomba alikaa pale muda mrefu, akionyesha kwa kidole: ziwa, mto, msitu, mashamba, na mbali kwenye ukungu nchi kavu ya Tharaka ambako maji haya huishia kwenye Tana. Kichwa kilikuwa kinaniuma kwa sababu ya kimo, lakini nisingekubali kushuka mapema.

Alasiri tulivua Nithi, chini ya mwisho wa barabara. Maji ni ya rangi ya chai hafifu, yamepita kwenye nyasi zilizooza, lakini safi kabisa. Trauti wa hapa ni wadogo na wepesi, wanamrukia nzi kabla hajatulia. Kiongozi wetu, kijana wa Chogoria, hakuwahi kushika mwanzi ingawa amewapandisha wavuvi wageni miaka kadhaa. Mjomba alimpa wake. Alimweka mkono begani, akamwonyesha mahali pa kusimama, akamwambia asitumie nguvu. Baada ya kukwamisha nzi vichakani mara kadhaa, kijana akaushika mdundo wa mkono, na muda si muda akawa na samaki kimiani. Alimwinamia, hakusema kitu, kisha akauliza: "Mzee, leseni inapatikana wapi?" Mjomba alimweleza kila hatua, akampa nzi wawili, Kenya Bug na mwingine mdogo wa kijivu. Mito hii inapita kwenye vijiji vyao. Anayeivua ndiye atakayepiga kelele siku msumeno utakaposikika tena.

Nithi hapa juu: nyuzi 8.

Ijumaa. Kuteremka

Tulifunga hema kwa mvua, tukashuka kwa minyororo ya magurudumu hadi Chogoria, na kutoka hapo tukashika barabara ya Chuka kurudi nyumbani. Kwenye daraja la Nithi, ambalo wasafiri wengi hulijua kwa ajali zake tu, Mjomba aliegesha gari mbali na kona, tukateremka kwa njia ya ng'ombe hadi majini. Ni mto uleule wa jana. Ulikuwa wa kahawia, mpana, unabeba majani ya migomba, na kando yake migunda ya mahindi ilikuwa imelimwa hadi ukingoni, hakuna hata ukanda wa nyasi.

Alitumbukiza kipimajoto, akahesabu. Nyuzi 19.

Alikaa juu ya jiwe, akachora mstari kwenye daftari, juu akaandika 8, chini 19, na akaanza kuuliza: mstari huo unakatika wapi? Yeye anadhani trauti anaishia pale msitu unapoishia, palepale. Mimi nadhani anashuka kilomita kadhaa zaidi, kwenye mabonde yenye kivuli ambayo watu hawakuyalima kwa sababu ya mwinuko. Tulibishana hadi Embu. Mwishowe tulikubaliana kwamba msimu ukifika tutarudi na yule kijana wa Chogoria, tuanze pale darajani na kupanda kwa miguu, tukipima kila daraja la miti na kila kivuko, hadi tumpate samaki wa kwanza.